Inchi Nane za Chuma

Oktoba 24
Uzito: ratili 168. Muuguzi wa kliniki ya moyo ameniagiza nijipime kila asubuhi kabla ya kunywa chochote, na niandike. Nikipanda ratili tatu kwa siku mbili, hayo ni maji yanayojaa mwilini na nimpigie simu. Daftari alilonipa lina mistari mingi kuliko inavyohitaji namba moja. Nimefundisha fizikia miaka thelathini na minne. Ukurasa mtupu hunikera.

Tumefika Arizona jana, kambi ile ile, kiwanja kile kile cha changarawe, mwaka wa kumi na nne sasa. Niliendesha gari-nyumba letu kutoka Iowa, na mke wangu Berdina akanifuata na kigari kidogo, maili elfu moja na mia tano. Njiani hakuna la kusimulia.

Oktoba 25
168. Joto. Nililala mchana kutwa.

Oktoba 27
168. Royce Tillery amekuja na viti vyake viwili vya kukunja, kama kawaida, kimoja cha kukalia na kimoja cha kuwekea miguu. Yeye ni fundi wa malori mstaafu, mtu wa Oklahoma. Mkewe alipokufa aliuza nyumba, akanunua gari-nyumba refu la dizeli, na hana kwao pengine.

"Mwalimu, hujafa bado?"

"Nakusubiri utangulie."

"Mimi nikitangulia nani atakuzibulia mabomba?" Kisha akamgeukia Berdina. "Shemeji, umebaki mifupa. Huyu mzee amekukimbiza nyuma yake siku ngapi?"

"Nne," Berdina akasema. "Usiku nikifumba macho naona matako ya lile gari tu."

"Basi Machi hamrudi hivyo. Kigari kitavutwa. Tutakifunga nyuma, magurudumu yake yote manne chini, na wewe utakaa mbele ukimgombeza mumeo kama wanawake wenzio."

Berdina hakucheka. Nilidhani ni uchovu.

Novemba 3
169. Tumeanza. Kigari chetu kina gia za mkono, na hiyo ndiyo bahati: ukiweka nyutro, magurudumu yanazunguka bila kuisumbua injini. Leo tumeng'oa bampa la mbele. Kazi yangu ilikuwa kupokea skrubu na kuzipanga kwenye trei ya mayai, kila moja mahali pake. Royce yuko chini ya gari, namwona viatu tu.

"Kumi na mbili," anasema.

"Imekuja."

"Kumi na tatu. Hii ina kutu kama goti langu."

Sijafurahi hivi tangu nistaafu.

Novemba 4
169. Upepo. Hakuna kazi.

Novemba 12
170. Bamba la kuvutia limeingia. Ni chuma kizito kinachokazwa kwenye mbavu za gari nyuma ya bampa, masikio yake mawili yakatokeza mbele. Royce alikaza kila boliti, kisha akaipaka rangi nyeupe kichwani ili ikilegea ionekane.

Ameandika orodha yake kwenye kipande cha kadibodi: ufunguo, usukani, gia, breki ya mkono, pini mbili, minyororo miwili, waya wa taa, waya wa breki. Anasoma kila neno kwa sauti na kukigusa kitu chenyewe. Hapa kambini kila mtu anaijua sheria: anayefunga gari hasemeshwi. Ukimsemesha, anaanza upya kutoka juu. Leo mama wa kiwanja cha jirani alileta pai ya maboga na kumsalimu Royce akiwa kwenye mnyororo wa pili wakati wa mazoezi kwa vifaa vya kuazima. Royce akafungua vyote, akarudi kwenye ufunguo. Pai ikapoa.

"Baba yangu alianza hivi hivi," aliniambia baadaye, akilamba uma. "Alisahau kitu kimoja. Kisha viwili. Alipofika miaka sabini na mitano tulimkuta jikoni kwa watu, amevua viatu, anadai chai. Mimi natimiza sabini na mitano mwezi wa nne. Kwa hiyo nasoma kadibodi."

Novemba 28
171. Jana ilikuwa Sikukuu ya Shukrani, ile ya bata mzinga. Tulikula ukumbini. Miguu imevimba.

Desemba 9
176. Hiyo ni ya asubuhi niliyoanguka bafuni. Siku tatu hospitali, wakanikausha kama tambi. Daktari amesema nisiendeshe chochote. Nikamuuliza, hata Machi? Akamtazama Berdina kwanza, ndipo akanitazama mimi. "Tutaona Februari," akasema.

Februari inanitosha. Nimemwambia Royce tuendelee. Nitalirudisha gari langu Iowa kwa mikono yangu mara moja ya mwisho, mke wangu pembeni, kigari nyuma. Baada ya hapo wanizike wanavyotaka.

Desemba 25
169. Marlys, binti yetu, alipiga simu. Alizungumza na mama yake dakika arobaini, na mimi dakika tatu.

Januari 8
170. Mvua ya baridi siku ya pili. Korongo nyuma ya kambi limejaa maji mekundu, yanabeba magogo. Tumekaa ndani tukipima nyaya za taa mezani. Nimemweleza Royce kwa nini umeme wa magari mawili usipozuiliwa unarudi ulikotoka. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, ningekuwa na wewe darasani ningeacha shule mapema zaidi."

Januari 20
171. Taa zinafanya kazi. Berdina alikaa kwenye usukani akikanyaga breki, mimi nilisimama nyuma nikiinua mkono.

Februari 2
172. Mkono wa kuvutia, chuma kirefu cha kuunganisha kigari na gari la mbele, umefika, pamoja na kipande cha chuma cha kushushia kimo. Royce ndiye aliyeviagiza.

Februari 3
172. Lazima niandike hili polepole.

Mkono wa kuvutia unatakiwa ulale sawa na ardhi. Ukiinama zaidi ya inchi tatu, siku ya kushika breki kwa ghafla kigari kitapanda juu au kujichimbia chini. Kwa hiyo unapima ncha mbili, na tofauti ikiwa kubwa unaweka chuma cha kushushia.

Asubuhi Royce alikwenda mjini na Berdina kununua mboga. Nikachukua futi. Masikio ya kigari yako inchi kumi na sita kutoka chini. Tundu la nyuma ya gari-nyumba letu liko inchi kumi na saba. Tofauti ni inchi moja, hapahitajiki chuma chochote. Lakini chuma alicholeta kinashusha inchi nane. Kikifungwa kwetu, mkono utaburura lami.

Nikasema labda amekosea kuagiza. Kisha nikakumbuka kwamba Royce hajakosea hata skrubu. Nikatembea hadi kiwanjani kwake, hatua arobaini na nne, nikipumzika mara mbili. Tundu la gari lake liko inchi ishirini na nne.

Ishirini na nne toa nane ni kumi na sita.

Februari 4
173. Nilimpa nafasi.

"Royce, hicho chuma cha kushushia, kitaenea kwetu?"

Alikuwa anafuta spana. Aliendelea kuifuta. "Kitaenea, Mwalimu."

"Inchi ngapi?"

"Zinazotosha. Leo huna mtihani wa kusahihisha?"

Miaka kumi na minne, na hakuinua macho.

Februari 5
173. Nilimpa na Berdina nafasi. Nilimwambia Machi tupitie njia ya kaskazini, tuyaone yale mabonde mekundu tena. Akasema, "Tutaona, mzee wangu," akanipapasa bega. Sauti ya daktari ile ile. Kisha akatoka kwenda kumwagilia chungu chenye dungusi, mmea usiotaka maji.

Nilifungua mkoba wa nyaraka. Hati ya gari-nyumba haimo. Pamebaki karatasi ya mauzo, ya Januari 11; wanunuzi watalichukua Machi. Sahihi ni ya Berdina peke yake. Gari tuliliandikisha kwa majina mawili ili yeyote kati yetu aweze kuliuza. Wazo hilo lilikuwa langu.

Kumbe miezi mitatu nimepanga skrubu kwenye trei ya mayai kwa ajili ya safari isiyo yangu. Walinipa kazi kama unavyompa mtoto kifuniko cha sufuria apige, upate kupika. Wao wawili walijua, na Marlys kwa dakika arobaini zake, na daktari. Kigari kitavutwa nyuma ya Royce, Berdina atakaa mbele, na mimi nitalazwa kitanda cha nyuma kama mzigo.

Nilikula supu yote.

Februari 8
175. Sikumpigia muuguzi.

Februari 11
175. Leo majaribio. Royce alisema tufunge kwenye gari lake kwanza kwa sababu lina kamera ya nyuma. Nikasema wazo zuri.

Alisoma kadibodi yake hadi mwisho. Nilikumbuka kofia yangu imo kigarini, nikaenda kuichukua. Berdina akapanda naye kwenda kununua ndizi. Wakaondoka saa nne asubuhi.

Maili kumi na nane mbele, mwenye lori aliyekuwa nyuma yao aliwamulikia taa. Kigari kilikuwa kinatoa moshi. Injini ilikuwa imezungushwa na magurudumu hadi ikapasuka. Tairi la mbele likalipuka, kigari kikayumba hadi upande wa wanaokuja, kikarudi. Hakuna aliyeumia. Kimeletwa juu ya gari la kubebea magari, mafuta yakimwagika.

Gia haikuwa kwenye nyutro. Royce alisahau gia.

Februari 12
175. Kambi nzima inajua. Watu wanapita kukitazama kigari kama maiti. Mzee mmoja wa viwanja vya mbele alimwambia Royce, "Pole, ndugu, umri huo." Alimaanisha wema.

Februari 14
176. Royce amekuja bila viti. Alisimama mlangoni.

"Niliigusa, Mwalimu. Niliisoma, nikaigusa. Naweza kuapa."

Nilitazama viatu vyake.

"Baba naye aliapa," akasema, akaondoka.

Februari 19
176. Hajatoka ndani siku tatu. Berdina alimpelekea kitoweo, akakirudisha vilevile. Anasema Royce amebandika karatasi kabatini: vikombe, sukari, dawa. Amempigia mwanawe, Garland, aje kutoka Tulsa. Garland atafika Jumamosi ya wiki ijayo, achukue funguo, auze gari, ampeleke baba kwenye nyumba ya wazee. Gari hilo ndiyo nyumba yake. Hana nyingine.

Februari 24
178. Berdina alikaa ukingoni mwa kitanda, akaniambia mwenyewe.

"Nimeliuza gari, Alden. Januari."

"Najua."

Alinigeukia. "Tangu lini?"

"Inchi nane."

Hakuelewa, wala hakuuliza. "Oktoba," akasema, "siku ya tatu. Uwanda ule mrefu. Nilikuwa nyuma yako. Uliuvuka mstari wa katikati taratibu, kama mtu anayelala. Lori lilikuwa linakuja. Nilipiga honi hadi kiganja kikaniuma. Ukarudi dakika ya mwisho. Jioni nikakuuliza, umechoka? Ukasema hapana, ulikuwa unatazama mwewe."

Niliandika kwamba njiani hakuna la kusimulia. Nilizimia. Niliamka na kuona taa za lori zimenijaa machoni. Nilimwambia habari ya mwewe, na daftari hili nikalidanganya.

"Ungeniambia," nikasema.

"Nikuambie nini, usichokijua? Nilisubiri uniambie wewe. Siku ya nne yote niliendesha nyuma yako nikisubiri. Royce ndiye alisema tusikuvunje moyo, tukupe kitu cha kufanya. Alisema utakufa vizuri zaidi ukiwa na spana mkononi."

"Mlinifanya mpumbavu."

"Ndiyo," akasema. "Tulikufanya. Ulikuwa unafurahi."

Siwezi kufuta niliyoandika Februari tano. Bado naona waliniibia, na wizi wa upendo ni wizi. Lakini mimi niliiba kwanza.

Februari 26
179. Muuguzi amekuja mwenyewe. Sasa si yule wa kliniki, ni wa kuhudumia watu walio katika siku zao za mwisho. Mkarimu sana. Nina wiki chache, labda tatu.

Kwa hiyo niandike kilichotokea Februari kumi na moja.

Kofia haikuwa kigarini. Ilikuwa kichwani mwangu. Niliivua na kuificha ndani ya koti. Royce alikuwa amemaliza kadibodi yake na amekwenda kunawa mikono. Nilifungua mlango, nikaegemea kiti. Gia ilikuwa kwenye nyutro kama alivyosoma. Niliisukuma. Iliingia bila ubishi.

Nimejaribu kujiambia kwamba nilitaka tu magurudumu yakatae, waone aibu pale pale kiwanjani, mpango wao ufe mbele yangu. Ni uongo. Ningetaka hivyo ningeweka gia ya kwanza, ingeburuta, Royce angehisi kabla ya lango. Niliweka ya pili. Nilipiga hesabu kichwani nikiwa nimeinama: kwa mwendo wa barabara kuu injini ingezunguka karibu mara elfu nane kwa dakika, na lile dizeli zito lisingehisi kitu. Nilimpenda Royce kama ndugu, na nilichagua gia.

Kuna baya zaidi. Nilipofunga mlango Berdina alitokea na kikapu, akapanda. Sikujua kwamba angekwenda. Royce alikaa kwenye usukani, akashusha kioo, akaniuliza kama nami nataka ndizi. Nilikuwa na dakika nzima ya kusema. Sheria ya kutomsemesha anayefunga haikunihusu tena, alikwisha kufunga. Nilisema, "Mbili tu." Nikasimama nikatazama hadi wakapinda kona.

Februari 27
180. Leo Ijumaa. Garland anafika kesho. Ningeweza kuliacha daftari lisomwe nikishakufa, na kwa siku mbili ndivyo nilivyopanga. Lakini kufikia hapo Royce atakuwa kwenye chumba cha Tulsa chenye jina lake mlangoni, na gari litakuwa la mtu mwingine. Ukweli wangu utamkuta hana mlango wa kutokea.

Nimemwambia Berdina anishike mkono tuende kwake. Sikumwambia kwa nini.

Februari 27, jioni
Hatua arobaini na nne zimenichukua robo saa. Royce alikuwa mezani kati ya maboksi. Kila kabati lina karatasi yake. Alituvutia viti.

"Mwalimu, usingejisumbua. Ningekuja kukuaga."

"Hukusahau gia," nikasema. "Nilikwenda kuchukua kofia. Sikwenda kuchukua kofia."

Berdina aliuachia mkono wangu.

Royce alisukuma boksi pembeni. Nilitarajia ngumi, na ningeipokea. Akauliza, "Gia ipi?"

"Ya pili."

"Ya pili." Alitikisa kichwa taratibu, kama anayesikiliza injini. "Ya kwanza ningeihisi."

"Ndiyo."

"Ulijua hivyo."

"Ndiyo."

"Mimi nilikuwa ndani, Alden," Berdina akasema nyuma yangu. Hakupaza sauti. "Ulinitazama nikipanda."

Nikasema nilimtazama.

Royce aliinuka. Alikwenda kabatini, akabandua karatasi ya vikombe. Akabandua ya sukari. Alizibandua zote, moja moja, akaziweka mezani mbele yangu bila kuzikunja.

"Siku kumi na sita," akasema. "Kila asubuhi nimejiuliza jina la mke wangu kabla ya kufumbua macho, nione kama bado lipo." Akaufungua mlango. "Shemeji, mpeleke kwake. Mimi sitaweza kumgusa."

Machi 1
181. Garland alikuja jana, akakaa na baba yake mchana kutwa. Kijana wa miaka hamsini, mpole. Alinijia akaniomba nirudie maneno yale mbele yake. Nikarudia. Akaniomba niyaandike. Nimemchania kurasa za Februari kumi na moja na ishirini na sita, kisha nikazinakili upya humu kwa ajili yangu.

Berdina ananilisha, ananigeuza, ananipa vidonge kwa saa. Hazungumzi isipokuwa juu ya vidonge.

Machi 6
Mizani nimeiacha. Siwezi kusimama juu yake.

Machi 9
Joto limerudi. Viwanja vinaanza kuwa vitupu. Marlys amefika kwa ndege. Hatutarudi Iowa, si kwa gari-nyumba wala kwa lolote. Wenye kulinunua walilichukua Alhamisi, nasi tumekodi chumba cha kambi chenye feni. Royce alikuwa ameahidi kutupeleka. Sikuuliza kama ahadi ipo. Nitazikwa huku, penye mchanga, mbali na baba yangu na shamba letu. Waliniibia safari ile, kisha nikaiteketeza mimi.

Jana Berdina alikaa karibu. Akasema, "Sijakusamehe." Nikasema najua. Akasema, "Sogea basi, nami nimechoka," akalala pembeni yangu na viatu vyake.

Machi 14
Ninaandika polepole, Marlys ameshika daftari.

Royce ameondoka leo alfajiri. Desturi hapa ni kwamba anayeondoka hupiga honi mara moja mbele ya kila jirani aliyewahi kula kwake. Nilimsikia akipiga kwa mama wa pai, akapiga kwa yule mzee wa viwanja vya mbele, akapiga ukumbini. Mbele yetu alipunguza mwendo. Berdina alikuwa nje, Royce akamwinulia kofia. Honi hakupiga.

Kitanda changu kiko dirishani, nami nilimwona. Alikuwa kwenye usukani, mikono yote miwili, anatazama mbele. Garland alikuwa upande wa abiria, ameegemeza kichwa kwenye kioo, amekwisha kulala.